Zebaki ndani ya jodari: inatoka wapi, na kwa nini samaki wengine wanayo nyingi kuliko wenzao

Chukua kipande cha nyama ya jodari mkubwa aliyevuliwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, mamia ya kilomita kutoka kisiwa cha karibu, mahali pasipo na kiwanda, mgodi wala bomba la maji machafu. Kipeleke maabara kikapimwe. Utakuta zebaki, tena mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko utakachokuta kwa samaki mdogo aliyevuliwa mbele ya bandari yenye pilikapilika.

Jambo hili huwachanganya wengi, na wana haki ya kuchanganyikiwa. Tumezoea kwamba uchafu hukaa karibu na aliyeutupa: ukiona mto mweusi, unafuata mkondo hadi unakifikia kiwanda. Kwa samaki wa bahari kuu njia hiyo haikufikishi popote. Zebaki iliyomo mwilini mwao ilipaa angani kwanza, ikashuka na mvua, ikazama kwenye maji yasiyofikiwa na jua, ikageuzwa na bakteria, ndipo ikaanza kupanda kutoka kinywa kimoja hadi kingine. Anayeruka hatua moja ya safari hiyo huishia kumlaumu asiyehusika, au kumwogopa samaki ambaye hana neno.

Minamata, na kwa nini mfano wake hautoshi

Kila zebaki inapotajwa, Minamata hutajwa pia, na ni sawa itajwe. Ni mji wa pwani kusini mwa Japani. Kuanzia 1932 hadi 1968 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitengeneza humo kemikali iitwayo asetaldehaidi, kikitumia zebaki kama kichocheo, na maji yake machafu yakawa yanaishia baharini. Paka ndio walioanza kuugua. Walitetemeka, wakazunguka ovyo kama wanaocheza ngoma, wengine wakatumbukia majini wakafa. Baadaye zikaja zamu za watu: ganzi ya vidole na midomo, macho kuona kama kupitia bomba, ulimi mzito, mwendo wa kuyumba. Tarehe 1 Mei 1956 hospitali ya kiwanda chenyewe, iliyoongozwa na daktari Hajime Hosokawa, ilitoa taarifa ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana.

Mwaka 1959 Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka huyo, aliyepewa namba 400 kwenye majaribio yake, akaugua ugonjwa uleule. Kampuni ikayafungia matokeo, na uchafu ukaendelea kumwagwa miaka 9 zaidi. Serikali ya Japani ilitamka rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi Septemba 1968, mwaka ambao kiwanda kilikuwa tayari kimeachana na mtambo huo. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wamezidi 2,000, na idadi ya walioomba kutambuliwa wakakataliwa ni kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi.

Minamata pia ndiko dunia ilikojifunza jambo lililo nyuma ya ushauri wote wanaopewa wajawazito leo. Akina mama wenye dalili ndogo, au wasio na dalili kabisa, walijifungua watoto wenye ulemavu mzito wa ubongo. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto dhidi ya sumu iliyo kwenye damu ya mama. Daktari Masazumi Harada hakukubali. Familia za Kijapani zina desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kilichokaushwa, kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, na vipande hivyo vilipopimwa, zebaki ilikuwamo. Kondo haikuizuia sumu. Iliipitisha.

Hata hivyo Minamata haitufafanulii jodari wa Pasifiki. Kule kulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, bomba moja, na ghuba iliyozibika. Zaidi ya hapo, mtambo wa kiwanda kile ulikuwa ukizalisha wenyewe ile aina ya zebaki iliyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo samaki waliipokea ikiwa tayari. Na ghuba ile ilisafishika: tope lenye sumu lilichimbwa na kufukiwa, wavu uliozungushiwa kuzuia samaki kutoka ukaondolewa mwaka 1997, na uvuvi ukarejea. Bahari kuu huwezi kuizungushia wavu.

Zebaki si kitu kimoja

Hapa ndipo mazungumzo mengi hupotea, kwa sababu watu wawili wanaweza kutaja zebaki kila mmoja akiwa na kitu chake akilini.

Kuna zebaki tupu, ile ya majimaji yenye rangi ya fedha iliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani. Ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia mwilini. Hatari yake ni mvuke, maana ukivutwa huingia kwenye mapafu na kutoka hapo hadi kwenye ubongo. Kuna chumvi za zebaki, ambazo hushambulia hasa figo. Halafu kuna zebaki ya methili, yaani atomi ya zebaki iliyoshikana na kikundi kidogo cha kaboni na haidrojeni. Hii ndiyo ya samaki. Kwa samaki wakubwa wawindaji, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za zebaki iliyo kwenye nyama yao ni ya aina hii, na utumbo wa binadamu huifyonza karibu yote.

Kinachoipa nguvu ni mapenzi yake kwa salfa. Protini zina kiungo chenye salfa kiitwacho sisteini, na zebaki ya methili hukinata hicho. Vikishikana, umbo lao linafanana na methionini, kirutubisho ambacho ubongo unakihitaji na una mlango maalumu wa kukiingiza. Mlango huo unafunguka. Vivyo hivyo kwenye kondo la nyuma. Ndiyo sababu zebaki hii inafika mahali ambapo sumu nyingi huishia mlangoni.

Ushikamano huo na protini unaeleza pia jambo la jikoni ambalo watu hulikosea. Sumu nyingine za samaki hukaa kwenye mafuta, hivyo kuondoa ngozi na mafuta hupunguza kiasi. Zebaki ya methili imo ndani ya mnofu. Hutaitoa kwa kuchuna ngozi, kuchemsha, kukaanga, kuloweka kwenye ndimu wala kugandisha. Samaki akikauka kwa moto na kupoteza maji, zebaki kwa kila gramu inaongezeka badala ya kupungua.

Kutoka shimo la dhahabu hadi mawinguni

Zebaki imo ndani ya ardhi tangu mwanzo, hasa kwenye jiwe jekundu liitwalo sinabari. Volkano huitoa, na miamba inayomomonyoka huitoa polepole. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, hukadiria kwamba vyanzo hivi vya asili huingiza angani takriban tani 500 kwa mwaka. Shughuli za binadamu, kwa hesabu ya mwaka 2015, ziliingiza zaidi ya tani 2,200.

Wengi hudhani chanzo kikuu ni viwanda vikubwa vya kemikali. Katika hesabu hiyo ya UNEP, chanzo kilichoongoza, kwa zaidi ya theluthi moja ya hewa chafu yote ya zebaki, ni uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mamilioni ya watu katika Amerika Kusini, Afrika na Asia huishi kwa kazi hii. Mchimbaji husaga mawe, huchanganya unga wake na maji na zebaki, na zebaki hukamata chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki bonge zito la rangi ya fedha. Bonge hilo huwekwa juu ya moto. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Anayepuliza moto huivuta ya kwanza, mara nyingi akiwa na watoto pembeni, na iliyosalia huchukuliwa na upepo. Nyingine huenda na maji ya kuoshea hadi mtoni. Siwezi kuandika habari hii kana kwamba mchimbaji ni mkosaji. Zebaki ni rahisi kupatikana, inamwezesha mtu kufanya kazi peke yake na kuuza jioni ileile, na anayeununua ule mzigo wa dhahabu sokoni haulizi ilipatikanaje. Chombo kilichofungwa cha kuchomea, kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa majimaji, kipo na si teknolojia ngumu. Kinachokosekana ni mtu wa kukifikisha na sababu ya kukitumia.

Chanzo cha pili ni makaa ya mawe, karibu moja ya tano. Makaa yana zebaki kidogo mno, kiasi cha sehemu ya kumi ya gramu kwa tani, na hakuna anayeyachoma kwa ajili yake. Lakini dunia huchoma mabilioni ya tani kila mwaka, na kilicho kidogo mno kikizidishwa kwa mabilioni kinakuwa mamia ya tani. Yanafuata uyeyushaji wa madini kama shaba, zinki na risasi, halafu tanuri za saruji, na taka zinazochomwa.

Sasa angalia kinachotokea angani, kwa kuwa hapa ndipo kesi inapogeuka kutoka ya mtaa kuwa ya dunia nzima. Mvuke wa zebaki tupu hauyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mvua ya kwanza haiuangushi. Unaweza kuelea miezi kadhaa hadi karibu mwaka mzima, muda unaotosha kuizunguka dunia. Taratibu kemia ya angani huubadili kuwa aina inayoyeyuka, na hiyo ndiyo inayoshuka na mvua na theluji. Nyingine hufyonzwa na majani ya miti, yakianguka inaingia udongoni.

Na ikishuka, haijatulia. Sehemu yake hurudi kuwa mvuke, inapaa tena, inashuka kwingine. Zebaki haiozi, haichomeki ikaisha. Kwa makadirio ya UNEP, karibu sehemu 60 katika 100 za zebaki inayoingia angani kila mwaka ni ya zamani, imeshatupwa na watu au kutolewa na ardhi huko nyuma, na sasa iko safarini upya kutoka baharini na nchi kavu. Katika barafu ya milima ya Wyoming, Marekani, watafiti walichimba kipande kirefu kilichohifadhi theluji ya miaka zaidi ya 200, wakaona humo alama za zebaki za mlipuko wa volkano ya Tambora wa 1815, wa Krakatau wa 1883, mbio za kusaka dhahabu za karne ya 19, na kilima kirefu cha karne ya 20. Volkano zilionekana kama miiba mifupi: zinapanda, zinashuka. Enzi ya viwanda ilionekana kama mwinuko mpana uliodumu miongo.

Bahari imepokea sehemu kubwa ya mzigo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliopima maji katika safari za Atlantiki, Pasifiki na bahari za kusini, ulikadiria kwamba bahari zote zinahifadhi tani kati ya 60,000 na 80,000 za zebaki iliyotokana na uchafuzi wa binadamu, na kwamba maji ya juu yana karibu mara tatu ya kiasi kilichokuwapo kabla ya zama za viwanda. Hata wanyama walionaswa kwenye Handaki la Mariana, penye kina kuliko pote baharini, wamekutwa na zebaki yenye alama ya kutoka angani.

Kule jua lisikofika

Zebaki inayoshuka na mvua si ya methili. Kama ingebaki hivyo, samaki wangekuwa nayo kidogo sana. Anayeigeuza ni bakteria, pamoja na viumbe wengine wa chembe moja, wanaoishi pasipo oksijeni au penye oksijeni haba. Mwaka 1969 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba tope la chini ya maji, likiwa na viumbe hai wake, linaweza kuzalisha zebaki ya methili. Ikachukua hadi 2013 kuzijua jeni mbili zinazofanya kazi hiyo, ziitwazo hgcA na hgcB. Asiye nazo hawezi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi hii hufanyika kwenye matope ya pwani, kisha zebaki ya methili husambaa hadi bahari kuu. Siku hizi picha ni tofauti. Mabaki ya viumbe wadogo waliokufa hunyesha kutoka juu kwenda chini bila kukoma, na yakiwa njiani, kwenye kina cha mita mia kadhaa, bakteria huyala na kutumia oksijeni iliyopo. Katika ukanda huo wa giza ndipo zebaki ya methili inapoongezeka. Utafiti wa mwaka 2013 karibu na Hawaii ulitumia kipimo kizuri sana. Jua huivunja zebaki ya methili, na katika kuivunja huacha alama kwenye uwiano wa atomi nzito na nyepesi za zebaki inayosalia. Watafiti walipima samaki wa aina 9 wanaokula kwenye kina tofauti. Kadiri samaki alivyokuwa akila chini zaidi, ndivyo alama ya jua ilivyofifia na zebaki ilivyozidi. Hesabu yao ilifikia kwamba hadi sehemu 80 katika 100 za zebaki ya methili huzaliwa chini ya tabaka la juu la maji.

Hii inaeleza jambo ambalo ukubwa wa samaki peke yake hauelezi. Jodari wa macho makubwa, anayezama mamia ya mita kuwinda, hubeba karibu mara mbili ya jodari wa mapezi ya manjano anayewinda zaidi tabaka la juu, hata kama ukoo wao ni mmoja.

Ngazi ya walaji

Maji ya bahari yenyewe yana zebaki chini ya nanogramu moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, kwa lita. Nyama ya samaki-upanga inaweza kuwa na nanogramu milioni moja kwa kilo. Tofauti hiyo ya mara milioni na zaidi haitokani na maji kuingia kwenye matamvua. Inatokana na kula.

Mruko mkubwa kuliko yote ni wa kwanza kabisa, nao hausemwi sana. Vijimea vya baharini visivyoonekana kwa macho hufyonza zebaki ya methili kutoka majini na kuirundika mara makumi elfu, pengine zaidi ya laki moja. Baada ya hapo kila ngazi huongeza mara chache tu: vijidudu wanaokula vijimea, dagaa wanaokula vijidudu, vibua wanaokula dagaa, jodari wanaokula vibua, papa wanaokula jodari. Kila mlaji hutumia chakula kama nishati na kukitoa, lakini zebaki ya methili huitoa polepole mno. Anakula kilo nyingi ili aongeze kilo moja ya mwili, na zebaki ya zile kilo zote inabaki kwake.

Ndiyo maana umri una uzito kuliko hata ukubwa. Samaki mmoja aitwaye orange roughy, wa maji ya kina karibu na Australia na New Zealand, si mkubwa wa kutisha, lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Wastani wa zebaki yake katika vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ni karibu miligramu 0.57 kwa kilo. Samaki-upanga na papa wanakaribia miligramu 1. Jodari mweupe wa kopo yuko kwenye 0.35, jodari mdogo aina ya sehewa, ambaye ndiye huwa kwenye makopo mengi ya bei nafuu, ni 0.13 hivi. Samoni ni 0.02. Sardini ni 0.013, na kamba ni chini ya 0.01.

Soma namba hizo tena kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kati ya sardini na samaki-upanga pana tofauti ya zaidi ya mara 70. Kwa hiyo swali la iwapo samaki wana zebaki, likiulizwa hivyo tu, halina jibu la maana.

Je, si ya asili?

Mwaka 1972 kundi la watafiti lilichapisha vipimo vya jodari 7 waliokuwa wamehifadhiwa makumbusho, waliovuliwa kati ya 1878 na 1909. Zebaki yao haikupishana sana na ya jodari wa siku zile. Matokeo hayo yalirudi kutumika kwa miongo mingi kama hoja kwamba zebaki ya jodari ni ya bahari yenyewe, binadamu hahusiki. Mwaka 2006 mahakama ya San Francisco ilizipa ushindi kampuni za jodari wa makopo, na katika uamuzi wake ilikubali kwamba karibu zebaki yote ya methili iliyomo ni ya asili.

Sikubaliani na hoja hiyo. Samaki 7, waliokaa miongo ndani ya dawa ya kuhifadhia, hawawezi kubeba historia ya bahari nzima. Ila kuna kitu cha kweli ndani yake kinachostahili kusikilizwa. Zebaki kidogo ilikuwamo ndani ya samaki kabla ya binadamu kuyeyusha jiwe lolote, na kiasi cha zebaki ndani ya jodari hakifuati hewa chafu ya mwaka huu moja kwa moja. Utafiti wa mwaka 2024 ulikusanya vipimo vya karibu sampuli 3,000 za jodari wa ukanda wa joto kutoka Pasifiki, Atlantiki na Bahari ya Hindi, vya tangu 1971 hadi 2022. Kwa jumla mstari haukupanda wala kushuka, isipokuwa ongezeko la mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jodari wa kaskazini magharibi mwa Pasifiki, upande wa Asia ambako hewa chafu iliongezeka. Na hii ni licha ya Ulaya na Amerika Kaskazini kupunguza sana moshi wao katika kipindi hichohicho.

Sababu ni ule ukanda wa giza. Jodari hula chakula kilichojengwa juu ya zebaki ya maji ya kina, na maji hayo yamebeba uchafu wa vizazi. Yanachanganyika na ya juu polepole sana. Penye mchanganyiko wa haraka, dalili huonekana mapema: jodari wakubwa wa Atlantiki Kaskazini waliopimwa kati ya 2004 na 2012 walionyesha kushuka kwa karibu asilimia 19, sambamba na kupungua kwa zebaki hewani kwenye eneo lile. Yaani bahari inajibu. Inajibu kwa kuchelewa, na kwa baadhi ya maeneo kuchelewa huko kunahesabiwa kwa miongo.

Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, uliopitishwa Kumamoto, Japani, mwezi Oktoba 2013 na kuanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, umejengwa juu ya ukweli huu wa safari ndefu. Unapiga marufuku migodi mipya ya zebaki, unaondoa sokoni bidhaa kama vipimajoto na betri nyingi zenye zebaki, unadai vichujio kwenye mitambo ya makaa ya mawe, na unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu ziwe na mpango wa kitaifa wa kupunguza na, inapowezekana, kuacha zebaki. Ni mkataba wenye meno madogo kwenye sehemu ngumu kuliko zote, ile ya dhahabu, kwa sababu matumizi ya zebaki huko hayakupewa tarehe ya mwisho.

Visiwa viwili

Madhara ya kiwango kikubwa hayana ubishi. Nchini Iraq, majira ya baridi ya 1971 na 1972, watu walioka mikate kwa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya zebaki ya methili ya kuzuia kuvu, zilizokusudiwa kupandwa. Zaidi ya 6,500 walilazwa, na 459 wakafariki hospitalini. Swali gumu ni la kiwango kidogo cha kila wiki, cha mtu anayependa samaki.

Kwenye Visiwa vya Faroe, katika Atlantiki Kaskazini, watafiti Philippe Grandjean na Pál Weihe walifuatilia zaidi ya watoto 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Watoto hao walipofika miaka 7, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi zaidi walionyesha upungufu mdogo lakini unaopimika katika lugha, umakini na kumbukumbu. Kule Shelisheli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walifuatilia watoto zaidi ya 700 ambao mama zao walikula samaki wastani wa milo 12 kwa wiki, na zebaki kwenye nywele zao ikiwa juu mno kuliko ya wanawake wa Marekani. Mwaka baada ya mwaka hawakukuta madhara ya kueleweka.

Watu huchagua kisiwa kinachowapendeza. Mimi naona visiwa vyote viwili vinasema kweli. Zebaki nyingi ya Faroe haikutoka kwa samaki, ilitoka kwenye nyama ya nyangumi wadogo weusi, wanyama wa ngazi ya juu kabisa, inayoliwa kwa wingi kwa vipindi, tena mafuta yao yana kemikali nyingine zenye madhara kwa ubongo. Shelisheli walikula samaki wa kawaida karibu kila siku, na samaki huja na mafuta ya omega-3 yanayoujenga ubongo wa mtoto, pamoja na madini ya seleniamu ambayo huishika zebaki. Faida na hasara ziko kwenye sahani moja, na nyama iliyo sahanini ndiyo inayoamua upande gani uzidi. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipoweka kikomo mwaka 2003, ilitumia tafiti zote mbili: mikrogramu (sehemu za milioni za gramu) 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Maafisa wakuu wa afya wa Faroe, kwa upande wao, walitangaza mwaka 2008 kwamba nyangumi hao hawafai tena kuliwa na binadamu.

Weka kikomo hicho kwenye hesabu. Mwanamke wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa wiki. Gramu 100 za samaki-upanga, kipande kidogo cha mlo mmoja, zinaimaliza. Kwa jodari mweupe wa kopo anafika kwenye gramu 270 hivi, kwa jodari sehewa karibu gramu 750. Kwa sardini, angehitaji kula zaidi ya kilo 7. Anayeacha samaki wote kwa hofu ya zebaki anajinyima chakula bora kwa kumkimbia papa ambaye huenda hata hamli.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, kula samaki wakubwa mara mojamoja si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, mamlaka za Marekani huwataja kwa jina wa kuepukwa: papa, samaki-upanga, nduwaro, nguru wakubwa wa Atlantiki, orange roughy, jodari wa macho makubwa, na tilefish wa Ghuba ya Mexico. Mwili huiondoa zebaki ya methili, ila taratibu: nusu yake hutoka kwa takriban siku 50, nusu ya iliyobaki kwa siku 50 nyingine. Kwa hiyo anayesubiri kipimo cha mimba ndipo aache papa amechelewa, kwa kuwa wiki za mwanzo mtoto atazipitia na zebaki ya miezi iliyopita. Akianza miezi mitano kabla, inayobaki ni karibu moja ya nane. Na mahali pa papa asipaache patupu, aweke sardini, dagaa, vibua wadogo au samoni, gramu 227 hadi 340 kwa wiki, maana ubongo unaojengwa tumboni unayahitaji mafuta yao katika miezi hiyohiyo.